Rangi ya Gari Ikichubuka: Namna ya Kuiziba Mwenyewe Bila Kuharibu Zaidi

Lowesha kidole, kipitishe juu ya mkwaruzo, kisha uangalie. Alama ikipotea wakati ina maji na kurudi yanapokauka, kilichokwaruzika ni vanishi ya juu isiyo na rangi peke yake, na kazi iliyo mbele yako ni ya kusugua, si ya kupaka rangi. Isipopotea, pitisha ukucha kwa kuukingama mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, bado uko upande wa kusugua. Ukikwama, kitu kimeshaondoka pale, na hakuna polishi itakayokirudisha.

Naanza na ukucha kwa sababu watu wengi huanzia dukani. Wananunua chupa ya rangi kwa ajili ya mkwaruzo uliohitaji kitambaa na kampaundi, ile polishi nzito ya kusugulia, au wanasugua mchana kutwa tundu lililohitaji matone matatu ya rangi. Wa kwanza anaharibu pesa. Wa pili anaharibu vanishi nzima iliyolizunguka tundu, na hilo halina dawa nyumbani.

Kazi hii nilijifunzia kwenye karakana ya rangi. Kwa muda mrefu sikuruhusiwa hata kuishika bunduki ya kupulizia. Yangu ilikuwa msasa, ndoo ya maji na kitambaa. Mzee aliyenifunza hakuwa mtu wa maneno. Akipita nyuma yangu husema tu, "Kijana, punguza." Nami najibu, "Sawa, mzee," nikijua anamaanisha vyote: nguvu ya mkono, wingi wa rangi, ukubwa wa eneo ninaloligusa. Karibu kila kazi ya nyumbani niliyoitwa kuikoa baadaye iliharibika kwa kuzidisha kimojawapo kati ya hivyo vitatu.

Unagusa nini hasa

Juu ya bati la gari la kisasa kuna matabaka manne. La kwanza ni la kuzuia kutu: kiwandani bodi nzima huzamishwa kwenye dimbwi la rangi na kupitishiwa umeme ili ishike hadi kwenye mapango yasiyofikika. Juu yake kuna praima, rangi ya kushikisha rangi, mara nyingi ya kijivu. Halafu inakuja rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi tunaiita klia. Yote manne kwa pamoja ni takriban mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu ya kumi ya milimita na kidogo. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu mikroni 100. Ukiishika karatasi hiyo vidoleni, umeshika kila kitu kinacholitenga bati la gari lako na mvua.

Vanishi ndani ya unene huo ni mikroni 40 hivi, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya jua. Kila unaposugua unaila kidogo. Rangi iliyo chini yake ni nyembamba zaidi, mikroni 15 hadi 20 kwa kawaida, ndiyo maana ukipitiliza kwenye vanishi hupati onyo la pili.

Kwa hiyo inama uangalie chini ya tundu. Ukiona kijivu au weupe usiong'aa, umesimama kwenye praima na bati halijafikiwa. Kazi ni nyepesi na haina haraka. Ukiona chuma king'aacho, anza wiki hii. Ukiona ukahawia, kutu imeshaanza na itabidi itoke kwanza. Na ukiona weusi usiobadilika hata ukikwangua, huenda unatazama plastiki ya bampa, ambayo haishiki kutu kamwe. Hapo unarekebisha sura tu.

Si kila bodi ni chuma. Ford F-150, kwa mfano, ina bodi ya alumini tangu toleo la 2015, na magari mengi yana boneti ya alumini hata kama milango ni ya chuma. Sumaku ndogo iliyofunikwa kitambaa itakujulisha. Alumini haitoi kutu nyekundu, hutoa unga mweupe, nao unakwanguliwa vilevile kabla ya kupaka.

Magari ya zamani, na baadhi ya yale yenye nyeupe au nyekundu isiyo na metaliki (vile vipande vya kumetameta), hayana vanishi kabisa. Sugua mahali pa kujificha kwa kitambaa cheupe chenye polishi kidogo. Kitambaa kikishika rangi ya gari, gari halina vanishi, na hatua zote za vanishi huko mbele uziruke.

Namba ya rangi

Usiende dukani ukasema "nyeupe." Kila gari lina namba ya rangi iliyoandikwa kwenye kibandiko au kibati. Tafuta kwanza kwenye nguzo ya mlango wa dereva, halafu chini ya boneti, halafu ndani ya buti karibu na tairi la akiba, ambako Volkswagen wamezoea kukibandika. Kwenye Toyota tafuta maandishi C/TR: kinachotangulia mkwaju ni namba ya rangi ya nje, kinachofuata ni ya mapambo ya ndani. Huko 040 ni nyeupe tupu, 202 ni nyeusi tupu, na 070 ni nyeupe ya lulu. Nyeupe hizo mbili ukiziona mbalimbali utadhani ni moja. Ukiweka tone la 040 juu ya gari la 070 utaliona kila asubuhi.

Namba sahihi nayo haikuhakikishii kufanana. Rangi ya gari imekaa juani miaka, na hata kiwandani rangi ya namba moja hutofautiana kidogo kati ya kundi na kundi. Paka kidogo kwenye kipande cha kadi nyeupe, ngoja ikauke, pitishia klia juu yake, kisha kibandike kando ya mchubuko uangalie kivulini wakati wa mchana. Usihukumu rangi ikiwa mbichi wala chini ya taa. Tofauti ndogo kwenye tundu la ukubwa wa kichwa cha kiberiti haionekani. Kwenye mkwaruzo wa urefu wa kiganja inaonekana, na ni heri ujue kabla hujaanza.

Metaliki zina tabia zao. Ndani ya rangi kuna vipande vidogo mno vya alumini. Kiwandani hupuliziwa vikatua vikiwa vimelala. Ukipaka kwa kijiti husimama na kulala ovyo, na mwanga hurudi kwa namna nyingine. Doa la metaliki lililozibwa kwa mkono litakuwa jeusi kidogo ukilitazama upande mmoja na jeupe kidogo ukizunguka upande wa pili, hata kwa mikono ya fundi mkongwe. Gari langu mwenyewe ni la kijivu cha metaliki, na pua ya boneti yake imejaa matundu niliyoyaziba. Ukisimama hatua mbili huyaoni. Ukiinama utayahesabu. Kwa kazi ya kijiti hicho ndicho kiwango, na anayetaka zaidi ya hapo anataka boneti ipuliziwe upya.

Rangi za lulu za matabaka matatu, kama hiyo 070 au 46V ya Mazda, ile nyekundu inayowaka, zinauzwa chupa mbili za rangi pamoja na klia. Ya kwanza ni msingi, ya pili ni ya kuonekana nusunusu, na rangi unayoijua huzaliwa zinapokutana. Ukipaka moja peke yake utapata rangi ya gari la mtu mwingine.

Vitu vya kuwa navyo

Chupa ndogo ya rangi na ya klia, praima kidogo kama bati limeonekana, spiriti ya isopropili ya kufutia mafuta, vijiti vya kuchokolea meno, brashi moja ya mchoraji iliyo nyembamba kabisa, msasa wa maji namba 2000 na 3000 pamoja na kipande cha 320 kwa ajili ya kutu, kampaundi, vitambaa vya mikrofaiba na glavu. Taa ya mkononi pia, kwa sababu ukimulika kwa pembeni unaona usichokiona ukimulika kwa juu.

Ile brashi iliyo ndani ya kifuniko cha chupa iache humo humo. Ni nene mara kadhaa kuliko jeraha unalolitibu, na sijui kwa nini bado wanaitengeneza.

Kuandaa

Osha gari lote kwa shampuu, si doa peke yake, kwa kuwa vumbi la jirani litahamia kwenye rangi mbichi. Likauke vizuri. Sogeza gari kivulini ungoje bodi ipoe. Ukiweka nyuma ya kiganja kwenye boneti usihisi joto. Nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi zinafaa. Kama unakoishi jua ni kali, amka nalo mapema. Unyevu mwingi hewani ni adui wa pili: rangi za chupa hizi hukauka kwa kuvukisha thina, yaani kiyeyushi chake, uvukizi huo hupoza uso wa rangi, umande hunasa juu yake, na klia hugeuka nyeupe yenye ukungu. Siku ya manyunyu fanya kazi nyingine.

Sasa futa mchubuko na eneo linalouzunguka kwa spiriti. Nta na silikoni za polishi ndizo zinazofanya rangi ijikunje na kukimbia kwenye kingo badala ya kushika. Baada ya hapo usiguse tena kwa kidole kitupu.

Chokoa kingo za tundu kwa ncha ya kijiti. Kipande chochote kilichoinuka kitabanduka tu, leo au baada ya mwezi mmoja, na afadhali kibanduke leo kabla hujakipakia rangi. Usivutwe na raha ya kubandua. Kinachogoma kutoka kiache.

Kutu inahitaji subira ya aina nyingine. Kata kiduara kidogo cha msasa 320, kigundishe kwenye ncha ya penseli, uzungushe ndani ya tundu mpaka uone chuma safi. Kwa vinundu vilivyojificha tumia ncha ya wembe au kalamu ya nyuzi za kioo, ambayo inakwangua vizuri sana ila nyuzi zake zikiingia kwenye ngozi huwashwa siku nzima, kwa hiyo glavu. Kikibaki chembe cheusi kisichofikika, weka tone la dawa ya kubadili kutu, ile yenye asidi ya taniki au ya fosforiki. Tone dogo, kwa kijiti, ndani ya tundu tu. Itageuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia. Iache muda ulioandikwa kwenye chupa yake, mara nyingi hadi kesho, na iliyomwagikia rangi nzima ifute papo hapo.

Ukikuta rangi inayolizunguka tundu imevimba malengelenge, simama. Kutu imetambaa chini kwa chini na unachokiona juu ni mlango wake tu. Hapo panahitaji kukwanguliwa eneo pana na kupuliziwa, na mtu wa kufanya hivyo ni fundi bodi.

Kuziba tundu la kokoto

Kama chuma kimeonekana, anza na praima. Tone jembamba mno, lifunike chuma na lisipande kwenye rangi. Isubiri ikauke kabisa, walau saa moja. Kama chini ni praima ya kiwandani isiyo na jeraha, huhitaji kuongeza yako.

Tikisa chupa ya rangi dakika mbili nzima, na kama ni metaliki endelea kuitikisa kila kabla ya kuchovya, kwani vile vipande vya alumini huzama chini upesi. Mimina kidogo kwenye kifuniko au kipande cha kioo, ufunge chupa. Kuchovya moja kwa moja kwenye chupa kunaingiza uchafu na kuikausha.

Chovya ncha ya kijiti, si nusu ya kijiti. Tone likining'inia ni kubwa mno, lipanguse ukingoni. Kisha gusa katikati ya tundu na uondoe mkono. Usipake. Usivute. Rangi yenyewe itatambaa kuelekea kingo na kusimama hapo, kwa sababu ukingo wa tundu unaishika. Isipofika pembeni, ongeza kigusio kimoja upande uliobaki wazi. Ikianza kuvutika nyuzinyuzi, imekuwa nzito: itupe hiyo iliyo kwenye kifuniko uchukue mpya.

Halafu ondoka. Nasema ondoka kwa maana yake, nenda ukafanye jambo jingine nusu saa hadi saa nzima. Ukirudi utakuta tundu ambalo lilionekana limejaa sasa lina bonde tena. Hujakosea: thina imeruka na kilichobaki ni kidogo. Ongeza tabaka la pili kwa namna ileile. La tatu. Pengine la nne. Shida huja mtu anapotaka kumaliza kwa tone moja nene. Juu hukauka ngozi, chini hubaki mbichi, na baada ya siku chache ngozi hiyo hujikunja au kunywea katikati, na kilichobaki ni pete yenye kovu.

Komesha rangi ikiwa chini kidogo ya usawa wa bodi. Nafasi hiyo ni ya klia. Iache rangi ikae saa kadhaa, au ulale nayo hadi kesho kama huna haraka, ndipo uweke klia tabaka mbili kwa mtindo uleule wa kugusa na kuondoka. Klia yenyewe ipande juu ya usawa kidogo, kama unataka kuisawazisha baadaye. Kama huna nia ya kusawazisha, ifikie ukingoni uishie hapo.

Tone likianguka pasipo pake, usilikimbilie kwa kidole. Kunja kitambaa chenye spiriti, ufute kwa mpigo mmoja kuelekea mbali na tundu. Tabaka zima likikukera, lifute lote likiwa bichi uanze upya. Rangi bichi inasamehe.

Kusawazisha, kwa anayetaka

Hapa ndipo ninapogawanyika na mafundi wenzangu. Wao husema kazi isiyosawazishwa haijaisha. Mimi namwambia mwenye gari la kawaida aache. Kinundu kidogo kilichoziba vizuri hakidhuru kitu, lakini mtu asiyezoea msasa anaweza kuigeuza alama ya milimita mbili kuwa doa la sentimita tano. Kama gari ni jeusi na kinundu kinakuudhi, basi soma, ila subiri angalau siku moja kamili baada ya klia, na wiki ni bora zaidi.

Msasa wa 2000 uloweke kwenye maji yenye tone la sabuni dakika kumi. Kata kipande kidogo kuliko ukucha, kigundishe kwenye kitako cha penseli chenye raba au kwenye kipande cha raba ya kufutia. Kidole kitupu hakifai: ni laini, kinafuata mabonde, na kitakula pembeni kabla ya kinundu. Sugua juu ya kinundu pekee kwa miduara midogo, uzito wa penseli yenyewe unatosha. Baada ya kila mizunguko michache panguza, mulika kwa pembeni. Kinundu kitakuwa na weupe usiong'aa na pembeni yake bado panang'aa. Weupe ule unapogusa tu vanishi ya pembeni, acha. Malizia kwa 3000 mizunguko michache, halafu kampaundi mpaka mng'ao urudi.

Kaa mbali na kona za bodi, mikunjo ya mlango na kingo za boneti. Pale vanishi huwa nyembamba zaidi, na msasa huifikia rangi kabla hujasikia tofauti mkononi. Kama mchubuko uko karibu na ukingo, ubandike tepu ya mafundi rangi kwenye ukingo ule, au uache kinundu kilivyo.

Kuna njia ya mkato ambayo wengine huipenda: kadi ngumu iliyovikwa kitambaa chenye thina kiasi cha unyevunyevu, ikipitishwa juu ya rangi iliyozidi ili iile iliyojitokeza na kuiacha iliyo ndani ya tundu. Inafanya kazi kwa kuwa rangi ya kiwandani iliyookwa haiyeyuki kwa mguso mfupi wa thina. Lakini gari lililowahi kupakwa rangi nyepesi ya karakana huyeyuka papo hapo, na wewe uliyelinunua mkononi hujui alilolifanya mwenye nalo wa kwanza. Jaribu ndani ya buti kwanza.

Mkwaruzo wa vanishi tu

Huu ndio rahisi. Weka kampaundi kidogo kwenye sponji, sugua eneo lisilozidi upana wa viganja viwili, nenda na kurudi huku mpito mmoja ukigusa mwenzake, kwa nguvu ya wastani. Panguza, tazama. Ukipungua nusu, rudia mara moja. Ukibaki kivuli chake tu baada ya hapo, uache. Kivuli hicho kukiondoa chote kunagharimu vanishi nyingi kuliko thamani yake, na kesho kutwa tawi jingine litapita hapohapo.

Mara nyingi, hasa kwenye bampa na pembe za milango, unachodhani ni mkwaruzo ni rangi ya ukuta au ya gari lingine iliyobandikwa juu ya yako. Inatoka kwa kampaundi ndani ya dakika tano. Nimeona watu wakiuliza bei ya kupuliziwa bampa zima kwa ajili ya rangi ya nguzo ya maegesho.

Mkwaruzo mrefu uliofika kwenye rangi

Kijiti hakifai hapa. Shika brashi nyembamba yenye nywele ndefu. Safisha ndani ya mkwaruzo kwa ukingo wa msasa 2000 uliokunjwa, futa kwa spiriti. Egemeza mkono kwenye bodi, kidole kidogo kiwe mguu wa mkono, uvute brashi kuelekea kwako ndani ya mfereji. Rangi iwe nyepesi kidogo kuliko ya matundu. Watu hubandika tepu pande zote mbili wakitaka mstari ulionyooka; wakiibandua wanabaki na kuta mbili ndogo za rangi zinazoonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Bila tepu, rangi inalala yenyewe mferejini.

Mkwaruzo wa funguo uliotoka taa ya mbele hadi ya nyuma usijisumbue nao kwa brashi isipokuwa kwa kuzuia kutu ukisubiri zamu yako karakana. Milango miwili italazimika kupuliziwa na rangi kuchanganyishwa taratibu hadi kwenye fenda ili macho yasione inapoanzia, na hilo linataka bunduki na chumba cha kupulizia.

Bampa

Plastiki hujipinda, na rangi iliyopakwa juu ya plastiki tupu hupukutika ikijipinda. Tangulia na praima ya plastiki. Mengine ni yaleyale. Angalia tu usijaze rangi kwenye vile vijicho vya mviringo vya kupimia umbali wakati wa kuegesha, wala kurundika rangi au filla kwenye eneo lenye rada nyuma yake. Unene na metaliki huweza kuvuruga mawimbi yake, na watengenezaji wa magari wana masharti ya unene wa rangi hapo.

Vya kuacha

Dawa ya meno ni kampaundi dhaifu. Itapunguza mkwaruzo hafifu wa vanishi, basi, haijazi tundu. Mafuta ya kupuliza kama WD-40 yanaujaza mkwaruzo kwa mafuta ili usionekane, kisha mvua inauosha na unarudi ulivyokuwa, safari hii ukiwa na mafuta yatakayozuia rangi kushika. Rangi ya kucha hupasuka juani na kuchuja, na itabidi uikwangue kabla ya kufanya kazi ya kweli.

Halafu kuna makopo ya klia yenye kigumishi ndani, yale unayobonyeza kitako ili vichanganyike. Yanatoa mng'ao mzuri sana. Pia yana kemikali ziitwazo isosayanati, ambazo zikivutwa kwa kupuliziwa huweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Sisi karakana tunavaa kinyago kinacholetewa hewa kwa bomba. Uani kwako huna hicho, kwa hiyo kopo hilo liache dukani. Hata rangi ya chupa ifanyie kazi mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, na vitambaa vyenye thina vitandaze nje vikauke kabla ya kuvitupa.

Baada ya kazi

Rangi ikikauka kwa kuguswa bado haijakomaa. Usiipake nta kwa mwezi mmoja hivi, kwa sababu thina iliyobaki ndani inataka njia ya kutokea na nta inaifunga. Kuosha kwa mkono ruksa baada ya siku kadhaa. Bomba la maji ya nguvu liweke mbali na mahali ulipoziba, walau urefu wa mkono, hata rangi ikishakomaa. Tundu lililozibwa halishiki kwa nguvu ya rangi ya kiwandani.

Chupa iliyobaki ifute shingoni kabla ya kufunga, la sivyo kifuniko kitagandamana na hutakifungua tena. Iandike namba ya rangi na tarehe, isimamishe wima mahali pasipo joto. Ukiikuta imekuwa nzito inavutika, usiifufue kwa thina ya kubahatisha. Nunua nyingine, uijaribu tena kwenye kadi kabla hujaigusisha gari.